Habari ya Mahali pa Watoto Kuchezea

Mwezi huu twataka kunena nanyi habari ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, yaani mahali pa watoto kuchezea. Watu wengi siku hizi huhamia mitaa ya pembezoni mwa mji. Hujenga nyumba, huizungushia ukuta, huweka geti la chuma. Na hayo yote yakiisha ndipo hukumbuka kuuliza, Watoto wacheze wapi? Sisi nasi tuliulizwa swali hilo, tena na mtoto wetu wenyewe, siku ya tatu baada ya kuhamia Sinza, katika Dar es Salaam. Hatukuwa na jibu. Tulimwambia, Cheza uani. Nao ua ule ulikuwa na upana wa hatua sita, na sehemu yake kubwa imeshikwa na tangi la maji na kamba za kuanikia nguo.

Basi tukaanza kutafuta, na katika kutafuta tulikosea kwanza. Kosa hilo twaliandika hapa kwa kuwa twajua wazazi wengi hulifanya. Jumamosi ile tulivaa nguo njema, tukapanda daladala, tukawapeleka watoto mahali pa kulipia, penye mitelezo ya plastiki ya rangi nyingi, na nyumba zilizojazwa hewa ambazo watoto hurukaruka ndani yake. Wakacheza saa mbili, wakafurahi sana. Tulipohesabu nauli, na kiingilio, na soda, tuliona ya kuwa hatutaweza kurudi kabla ya sikukuu. Lakini kesho yake, ilipofika saa kumi alasiri, mtoto yule yule akaja akasimama mlangoni, akasema, Baba, leo twaenda wapi? Hapo tukafahamu. Tulikuwa tumetafuta mahali pa matembezi, naye aliuliza mahali pa kuchezea, na mambo hayo ni mawili.

Mtoto hachezi mara moja kwa mwezi. Hucheza kila siku, hasa tangu saa kumi hata jua lichwe, na mchezo wake hukatwa katikati na kutumwa dukani, na kuoga, na kumbeba mdogo wake. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha kiwanja si vyombo vilivyomo, bali ni miguu ya mtoto mwenyewe. Aweza kufika pasipo kupandishwa gari? Na mama yake akisimama mlangoni na kuita, sauti yamfikia, au angalau yamfikia jirani atakayempokezea? Kiwanja kilicho mbali, hata kikiwa kizuri namna gani, mtoto wa miaka sita hana. Twasema hivi kwa kuwa tumeona wazazi wenye fedha wakisifu viwanja vya mbali, huku watoto wao wakishinda mbele ya televisheni siku sita katika juma.

Tulipofahamu hayo tuliuliza wazee wa mtaa. Wote walijibu jibu moja, Hapa kwetu hakuna viwanja. Kisha tukamwuliza mvulana mmoja wa miaka tisa, mwana wa jirani yetu. Yeye alituongoza jioni moja, akatuonyesha viwanja vinne. Tangu siku hiyo tumekuwa na shauri hili kwa kila mzazi aliyehama: usiulize wazee, waulize watoto, tena usiende asubuhi, nenda saa kumi na moja, ukifuata kelele.

Kiwanja cha kwanza kilikuwa shamba la nyumba lisilojengwa bado, nyuma ya mashine ya kusaga. Hapo wavulana walicheza chandimu kwa mpira wa makaratasi na kamba. Cha pili kilikuwa kivuli cha mkungu karibu na genge la mboga, na wasichana waliketi chini wakicheza mdako. Cha tatu kilikuwa njia ya mchanga iliyozibwa mwisho wake, hata gari haliwezi kupita. Hapo palikuwa na rede. Cha nne kilikuwa ukingo wa Mto Ng'ombe, nacho tutakisema baadaye.

Hebu tutazame viwanja vile vitatu vizuri, maana mna fundisho ndani yake kwa sisi wazee. Kila mchezo una mahitaji yake. Rede yahitaji mchanga, kwa sababu yeye aliye katikati huchota mchanga na kuijaza chupa huku akikwepa mpira. Ukitandaza matofali ya saruji, rede imekufa. Mdako wahitaji udongo mgumu wa kuchimba kishimo, na kokoto, na zaidi ya yote kivuli, kwa kuwa wachezaji huketi muda mrefu. Kombolela yataka mahali pa kujificha: pembe za nyumba, kichaka, gari bovu, shina la mwembe. Uwanja mpana ulio wazi kabisa haufai neno kwa kombolela. Kuruka kamba kwahitaji mahali patambarare, lakini si papana. Na wadogo wa miaka mitatu na minne, wale wanaopika ugali wa mchanga katika vifuniko vya chupa, hao wahitaji pembe moja tu ambapo wakubwa hawatawakanyaga.

Sasa, wazee wanaposema, Tuwatengenezee watoto kiwanja, hufanya nini? Huleta katapila. Husawazisha, hung'oa mkungu, hufukia pembe zote, husimamisha magoli mawili ya chuma. Baada ya mwezi mmoja vijana wa miaka ishirini wamekishika kiwanja, nao hukodishana kwa mechi. Watoto wadogo wamefukuzwa, na wasichana hawaonekani tena. Hatusemi mpira ni mbaya. Sisi wenyewe tuliupenda. Twasema tu ya kuwa uwanja wa mpira si kiwanja cha watoto, na anayetafuta kiwanja na atazame, Wasichana wapo? Wadogo wapo? Mtoto mwenye mguu mbovu, au asukumwaye kwa kiti cha magurudumu, ana pahali pake? Kama wote hawapo, kiwanja kile kina kasoro ambayo bado hujaiona.

Baada ya kujua kilipo, yafaa kuikagua njia kabla ya kukikagua kiwanja. Tembea na mtoto wako, kisha uchutame hata macho yako yawe sawa na macho yake. Utashangaa. Gari lililoegeshwa, ambalo wewe waona juu yake, kwake ni ukuta. Sheria yetu yaamuru mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katikati ya makazi, lakini mwendo huo wenyewe ni mkubwa mno kwa mtoto anayekimbilia mpira, na pikipiki hupita vichochoroni pasipo kibao wala kipimo. Kama njia yakata barabara kubwa, hata palipo na alama za kuvukia, basi kiwanja hicho ni cha mtoto anayefuatana na mkubwa, wala usijidanganye.

Kisha kikague kiwanja chenyewe. Tazama vigae vya chupa, nyaya, mashimo ya vyoo vya zamani yaliyofunikwa kwa mbao. Mtaro usio na kifuniko ni hatari, na wakati wa masika huwa hatari mara kumi. Kwa sababu hiyo tulikikataa kiwanja cha nne, kile cha ukingo wa Mto Ng'ombe, ijapokuwa watoto walikipenda kuliko vyote. Wakati wa kiangazi mto ule ni maji machache na takataka. Lakini mvua ikinyesha maji yake hupanda upesi, na yaweza kupanda hata kwako hakujanyesha bado, maana yatoka juu. Mvulana wetu mwongozi hakufurahi. Akasema, Huko ndiko kuna kambare. Tukamwambia, Ndiyo, tumesikia, lakini hapana.

Huenda mtaani kwako kuna bembea na mtelezo, ama shuleni ama penginepo. Hivi navyo vyataka kukaguliwa. Mtelezo wa bati uguse kwa mgongo wa mkono saa nane mchana. Kama huwezi kuuacha mkono wako hapo, mapaja ya mtoto hayawezi zaidi. Bembea ya kiti cha ubao mzito au chuma hupiga kichwa cha apitaye. Kipande cha mpira wa gurudumu ni bora. Minyororo itazame pale juu inapofungwa, ndipo kutu hula kwanza. Lakini jambo kubwa liko chini, maana ajali nyingi ni za kuanguka. Tume ya serikali ya Marekani iangaliayo usalama wa bidhaa imeandika mwongozo wa viwanja vya watoto, na humo yasema ya kuwa mchanga wenye kina cha inchi 9, yaani kama sentimeta 23, wamkinga mtoto aangukaye kutoka futi 4. Juu zaidi ya hapo mchanga huo hautoshi. Tena mchanga hushindiliwa na miguu na mvua, hata ukawa kama sakafu. Sharti uchimbuliwe kwa jembe mara kwa mara. Mwongozo huo huo waonya juu ya nafasi baina ya vyuma: ikiwa pana kuliko inchi 3 na nusu na nyembamba kuliko inchi 9, mwili wa mtoto waweza kupita na kichwa kikanaswa. Nenda na rula. Na kamba za kofia, na mitandio, ivuliwe kabla ya kupanda mtelezo.

Jambo jingine ni macho ya watu. Pale kwenye mkungu alikuwapo mama mmoja akaangaye mihogo, na fundi viatu, na wazee wawili wachezao bao. Hakuna aliyewaajiri kulinda watoto. Walakini mgeni akisimama pale kwa muda mrefu akiwatazama wasichana, mama yule humwuliza, Wewe wamtafuta nani? Mlinzi wa getini mwenye sare hakuulizi neno hilo. Basi kabla hujamruhusu mtoto, keti pale mwenyewe mara mbili tatu, nunua mihogo, usalimiane nao, wajue huyu ni mtoto wa nani. Na upite tena saa mbili za usiku uone ni watu gani hupafanya kijiwe.

Mtu asidhani ya kuwa shida hii ni yetu peke yetu, au ya kuwa dawa yake ni fedha nyingi. Miji mikubwa ya Ulaya na Marekani ilipojaa watu nayo ilikosa mahali pa watoto. Daktari mmoja mwanamke, Marie Zakrzewska, aliyezaliwa Berlin na kufanya kazi Boston, aliona katika bustani za Berlin malundo ya mchanga yaliyowekwa kwa ajili ya watoto kuchezea. Aliwaandikia wenzake habari hiyo, na mwaka 1885 lundo la mchanga likamwagwa katika ua wa kanisa dogo la Parmenter Street, mtaa wa maskini katika Boston. Hapakuwa na kingine ila mchanga na vikoleo vidogo, na watoto wakaja. Wengi huhesabu lundo lile kuwa mwanzo wa viwanja vya watoto katika Marekani.

Kadhalika Amsterdam, baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, mji ulikuwa na mapengo mengi baina ya nyumba. Mwaka 1947 mchoraji majengo wa halmashauri ya mji, Aldo van Eyck, akiwa kijana wa miaka 29, alitengeneza kiwanja kimoja kidogo mahali paitwapo Bertelmanplein: shimo la mchanga lenye ukingo mpana wa kukalia, vyuma vifupi vya kupindukia, na mawe ya kurukia. Watu wa mitaa mingine wakaona, wakaomba nao wafanyiwe. Hata kufika mwaka 1978 alikuwa amechora viwanja zaidi ya 700, vingi katika mapengo ambayo watu waliyaona kuwa si kitu. Hakuanza kwa kutafuta shamba kubwa. Alitafuta pengo lililo karibu na mlango wa mtoto.

Tuliposoma habari ya ule ua wa Boston tuliona haya. Maana ua wetu wenyewe, ulio karibu kuliko mkungu, ulikuwa umefungwa kwa kufuli siku sita katika juma. Tulikuwa tumetandaza matofali mbele, tumepanda maua, na tumeandika kibao cha kuwakataza watoto wasiingie. Kibao hicho tulikiandika sisi.

Sasa twarudi kwenye ule uwanja wa kwanza, nyuma ya mashine ya kusaga. Mwenyewe alikuja akajenga; ni haki yake, alikuwa na hati. Watoto wa chandimu wakahamia barabarani. Haukupita mwezi, msichana wa miaka saba aliyekuwa akiwatazama tu, wala hakucheza, akagongwa na pikipiki, mguu wake ukavunjika mahali pawili. Twashukuru kwamba yu hai, naye sasa anatembea. Lakini baada ya siku ile wazazi wote wa mtaa waliwafungia watoto ndani, na mtaa ukawa kimya kama wa watu waliohama. Kimya kile kilituumiza kuliko tunavyoweza kueleza.

Ndipo wazee wa usharika wakakutana juu ya kufuli lile. Mashauri hayakuwa rahisi. Mmoja alihofia vioo, wa pili alihofia kelele wakati wa mazoezi ya kwaya, wa tatu akauliza, Mtoto akivunjika mkono uani kwetu, nani atajibu? Swali hilo lilikuwa la haki, wala hatukulicheka. Mwisho tulikubaliana hivi: ua wa nyuma usiotandazwa matofali ufunguliwe tangu saa kumi hata saa kumi na mbili na nusu, mchanga wa lori moja umwagwe chini ya mkungu, na wazazi wawili waketi kwa zamu, pamoja na mwalimu wa watoto. Bembea hatukuweka. Vioo viwili vimevunjika hata sasa, navyo vimelipwa.

Walakini ua mmoja hautoshi mtaa mzima, na hapa twataka ninyi walimu na wazee wa mitaa mtusikilize sana. Sinza, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, ilipimwa katika mradi wa viwanja uliofanywa na Serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia tangu miaka ya 1970. Mitaa iliyopimwa namna hiyo ina ramani, na katika ramani mna nafasi za shule, na soko, na maeneo ya wazi. Mitaa iliyojijenga pasipo kupimwa haina bahati hiyo, nao wakaao huko watashika njia ya Amsterdam, yaani mapengo. Lakini ninyi mlio katika mitaa iliyopimwa, mmewahi kuiona ramani yenu? Sisi tulikaa miaka miwili pasipo kuiona. Tulikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, tukaelekezwa manispaa kwa watu wa mipango miji. Tukarudishwa mara mbili, mara ya tatu tukapata nakala. Karibu na kwetu mlikuwa na maeneo ya wazi matatu. Tukatembea na karatasi mkononi. La kwanza lilikuwa gereji. La pili lilikuwa nyumba mbili za ghorofa. La tatu lilikuwa lile lenye mkungu wa wasichana wa mdako, karibu na genge. Wazee waliotuambia hapana viwanja walikuwa wamekaa katikati ya kimoja wakicheza bao.

Hatumshitaki mtu juu ya hayo mawili ya kwanza. Lakini fahamuni jinsi jambo hili lilivyotokea: eneo halipotei siku moja. Kwanza laitwa pori, au jalala, kwa kuwa halina jina jingine. Kisha mtu huegesha gari lake bovu, mwingine huweka kontena, na mtaa waona vyema kuwa angalau panatumika. Watoto waliokuwapo hawahesabiwi kuwa watumiaji, kwa kuwa hawana hati wala hawalipi ushuru. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yautaja mchezo na mapumziko pamoja na chakula, malazi, mavazi, dawa na elimu, katika mambo ambayo mtoto astahili kupata. Nao Mkataba wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliukubali mwaka 1991, wasema habari hiyo katika kifungu cha 31. Basi anayecheza mdako pale chini ya mkungu ana dai, ijapokuwa hajui kulitamka.

Mwezi uliopita tulikuta vigingi vinne vipya vimepigwa katika eneo lile la tatu. Mama wa mihogo alisema waliovipiga walikuja asubuhi na mapema, hawakusalimu. Wazazi ishirini na wawili walitia sahihi barua, wakaiambatanisha na nakala ya ramani, wakaipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, naye ameahidi kuiweka mbele ya mkutano. Hata tunapoandika haya jibu halijaja, na vigingi vingalipo. Wavulana wa chandimu wamekwisha kuvifanya magoli.

Nakala ya ramani imewekwa kwa mzee wa usharika atunzaye vitabu. Anayetaka kuitazama na aje siku ya Alhamisi baada ya saa tisa, naye atasaidiwa kutafuta mtaa wake.